Hotuba Yangu ya Masharubu Ndani ya Benki

Nianze kwa kukiri, maana habari hii imeshasimuliwa sana mtaani kwetu Katoyi na kila anayeisimulia anatia chumvi yake: ndiyo, ni mimi yule mwanamke aliyehutubia benki nzima akiwa na masharubu. Yalikuwa ya wino, lakini masharubu ni masharubu. Aibu niliipata, sikatai, na hadi leo kuna vijana wa pikipiki nikipita wananisalimia "Jambo papa", yaani baba, nami naitikia kwa sauti nzito naenda zangu. Ila hao wanaocheka hawasemi kwa nini nilikuwa nahutubia, kwa hiyo leo nasema mwenyewe, na mkishasikia chekeni mnavyotaka, sitaomba radhi kwa mtu.

Mimi ni Editha, mzaliwa wa Kigoma, muuguzi kwa kazi. Mume wangu Deo ni mtu wa Butembo, anauza vipuri vya pikipiki hapa Goma, na tulijuana alipokuja Kigoma kufuata mzigo wake bandarini, mzigo ukachelewa, yeye akanogewa, tukaoana. Baada ya harusi akatangulia kurudi kutafuta nyumba, mimi nikabaki kuhangaikia pasipoti, na hapo kwenye pasipoti ndipo nilipojiharibia mwenyewe. Wakili aliyekuwa ananiandalia karatasi aliuliza tu, kwa kawaida, "Unabaki na jina la baba au unachukua la mume?" na mimi, bibi harusi mbichi, kichwa kimejaa mapenzi, nikajibu la mume, bila kufikiri na bila kumuuliza mwenye jina. Deo kwa ukamilifu wake ni Kambale Dieudonné. Nikaona basi Kambale ndio ukoo, nikawa Editha Kambale, nikafanya na mazoezi ya saini mpya nyuma ya kalenda ya ukutani. Nilipompigia simu kumpa habari njema, Deo alicheka mpaka simu ikakatika, nami nikadhani ni furaha.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hakuna aliyenieleza. Kwa Wanande, watu wa mume wangu, Kambale si ukoo, ni jina la mtoto wa kiume wa pili. Nyumba ikipata mvulana wa kwanza anaitwa Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wanashuka hivyo hivyo, na wasichana nao wana ya kwao. (Nilipofika Goma nikatambulishwa kwa shemeji zangu, Paluku na Kasereka, nikashangaa ndugu wa tumbo moja kila mmoja na jina lake, nikahitimisha kimoyomoyo kwamba mama mkwe ujanani alikuwa na mambo yake, nikanyamaza kwa heshima. Mama, nisamehe.) Yaani nilikuwa nimekwenda kwa wakili, kwa hiari yangu na kwa nauli yangu, kuapa kwamba mimi ni mvulana wa pili.

Hayo sikuyajua, na nilikuwa na jambo kubwa zaidi la kuwaza. Nilikuwa nimepata kazi kwenye kituo kimoja cha afya, nimefurahi, nimeshashona sare, halafu mhasibu wao akaniita pembeni akaniambia mshahara unapita benki tu. "Mama, ukikosa compte mupaka vendredi, salaire itaingia kwa compte ya bwana yako. Bamama wengi banafanyaka vile, haina shida."

Kwangu ilikuwa na shida. Mama yangu aliuza mawese sokoni Kigoma maisha yake yote, pesa zikakaa kwa baba, na akitaka hata kununua sidiria ilibidi aombe, tena aeleze ya zamani imefanya nini. Nimemsikia akieleza, mimi mwanawe, nikiwa chumba cha pili. Deo si baba yangu, Deo ni mtu mwema, lakini nilishajiapia toka nikiwa shule kwamba jasho langu halitalala kwenye mfuko wa mwanaume hata siku moja, awe mwema awe malaika. Kwa hiyo ilikuwa akaunti yangu kwa jina langu kabla ya Ijumaa, au niwe mama yangu.

Alhamisi asubuhi Deo akaniuliza, "Nikusindikize? Juu kuna kitu kwa ile jina yako, sijui kama..." Nikamkata hapo hapo. "Jina langu nalijua. Nimetoka Kigoma peke yangu, nitashindwa kufika benki?" Akainua mikono juu, akaenda dukani kwake. (Hapa ndipo mngenishika mkono, lakini hamkuwepo.)

Wakati huo, kabla vita havijazifunga, benki za mjini zilikuwa bado zinafungua milango yao kila asubuhi, na zilikuwa zinajaa. Nilifika nimevaa kitenge changu kizuri, nikakuta ukumbi umeshajaa wafanyabiashara wa Butembo na Beni, wazee wa makoti na mabahasha, na mlinzi mlangoni akanisalimia kwa heshima zote kwa sababu ni mteja wa Deo, anamiliki pikipiki ya kubeba abiria. Msichana wa dirishani akapokea pasipoti yangu, picha, na karatasi ya chifu wa mtaa inayosema kweli naishi Katoyi, akanishika kidole gumba akakikandamiza kwenye wino mweusi na kukigonga kwenye fomu, kisha akaniambia, "Kaa pale mama, tutakuita." Hakuna aliyenipa karatasi ya kufutia, na mimi sikuomba, nikakaa nimebanwa kati ya wazee wawili, joto, jasho likanitoka juu ya mdomo. Nikajifuta. Kwa kidole kile kile. Nikajifuta kushoto, nikajifuta na kulia, maana mimi nikifanya jambo nalikamilisha.

Baadaye msichana akaita, "Kambale!"

Wakasimama wanaume watano. Nawaambia watano, ukumbi mzima ukaguna, na mimi nimekaa zangu nasubiri kuitwa Editha, tena nawaonea huruma, nikasema kimoyomoyo kumbe ukoo wa mume wangu ni mkubwa hivi na hakuna aliyekuja harusini. Mzee mmoja wa kofia, aliyekuwa karibu zaidi na dirisha, akawahi, akapewa fomu, akaambiwa, "Saini hapa papa," akasaini. Alikuja kuchukua kitabu cha hundi, masikini, akasaini kwanza ndipo akavaa miwani asome.

"Mademoiselle," akasema, "hapa munaandika niko infirmière. Mimi nachuuzaka maharagi."

Watu wakacheka, mzee wa kofia kuandikwa muuguzi wa kike. Msichana akachukua fomu, akatazama, akapandisha sauti ukumbi mzima usikie: "Kambale infirmière! Kambale mwenye kutoka Tanzania, njo nani?"

Jamani, ndipo nikaelewa kwamba mzee wa maharage ametia saini kwenye akaunti yangu. Niliruka kutoka kwenye kile kiti nikamfikia, nikaikamata fomu upande mmoja, yeye kwa mshangao akaishika upande wa pili, tukavutana, nami napiga kelele, "Kambale ni mimi! Niache! Kambale ni mimi!" Mzee akaniangalia usoni na akaiachia fomu mara moja. Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Kuna mama alicheka mpaka akaketi sakafuni na bahasha yake.

Mimi nilidhani wanamcheka mwanamke anayetaka akaunti. Nawaapia ndivyo nilivyodhani, na damu ikanichemka.

Meneja akatoka ofisini, mtu mpole wa miwani, akachukua pasipoti akaangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia picha tena, akakohoa. "Mama, hii passeport ni ya nani?"

"Yangu."

"Kambale ni mutoto mwanaume wa pili. Wewe uko mutoto wa ngapi?"

"Wa kwanza. Na ni mwanamke, kama huoni."

"Si ungekuwa basi Masika," akasema mtu nyuma yangu, maana ndilo jina la binti wa kwanza, na wakacheka tena.

Meneja akanieleza taratibu mambo ya Paluku na Kambale, mbele ya watu wote, nami nikasimama nikiwa nimekodoa macho, nikimkumbuka wakili, nikikumbuka kicheko cha Deo kwenye simu, na shemeji zangu, na mama mkwe niliyemdhania vibaya. Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu akamalizia, "Hatukatalie mwanamuke compte, hapana. Lakini sijue hii jina imefika namna gani kwako. Bwana yako akuye, atusaidie kufunga hii mambo."

Kama angesema lolote lingine ningeondoka na aibu yangu kimya kimya. Lakini hilo la "bwana yako akuye", hapana. Nikageukia ukumbi, nikapandisha sauti. Nikawaambia nimesoma miaka yangu, nimezalisha wanawake usiku wa mvua bila taa, na hakuna aliyewahi kuniambia subiri mumeo aje. Nikawaambia habari za mama yangu na mawese yake, nikataja na sidiria, ndiyo, niliitaja, nikasema hata kama jina ni la mvulana wa pili nimelichukua kwa mkono wangu na litakaa kwenye akaunti yangu, na kwamba leo sitoki hapa. Nikaketi sakafuni mbele ya dirisha.

Baadhi ya akina mama walipiga makofi, hilo wasimuliaji wengine hawalisemi. Wanaume walikuwa wamefunika midomo, mabega yanatikisika, nikajua nimewagusa, wanalia. Mzee wa maharage akainama kwa upole akanipa leso yake. "Mama, pangusa kwanza, batu banakuona."

"Silii mimi!" nikamwambia. "Baki na leso yako!" Akarudi nyuma na leso yake.

Kumbe mlinzi alishampigia simu Deo. Akaingia mbio, mikono ina grisi ya dukani, akanikuta sakafuni. Meneja akamshika bega kama mtu aliyeona mwokozi, akamwekea fomu mpya na kalamu. "Papa Kambale, tunashukuru. Saini hapa, tumalize."

Kalamu ile angeitumia, mchezo ulikuwa umekwisha, akaunti ingekuwa yake, Ijumaa mshahara ungepata mlango, na kila mtu angesema tumshukuru mume wake. Deo akaitazama kalamu. Akanitazama mimi, muda mrefu kidogo, na midomo ikaanza kumcheza.

"Mimi sikuomba compte," akasema. "Kambale wa hii karatasi ni ule pale."

"Ule mwenye mustashi?" akauliza meneja, na ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutamkwa.

"Ule ule. Ni bibi yangu. Alinipenda mupaka akakamata jina yangu kwa passeport, mimi nikamucheka. Kosa ni yangu mimi."

Nikagusa juu ya mdomo. Nikaangalia kidole. Msichana wa dirishani akanigeuzia kioo chake kidogo, nikajiona, nikaona jinsi yalivyokaa vizuri, yamepinda pande zote mbili, na hapo ndipo nilipoelewa machozi ya wale wanaume. Niombeni chochote lakini msiniombe nieleze nilivyojisikia. Nilitamani kukimbia hadi Kigoma kwa miguu.

Sikukimbia. Nikainuka, nikajipangusa kitenge, nikachukua kalamu kwa Deo nikasaini, Editha Kambale, saini ile ya nyuma ya kalenda, na masharubu yangu usoni, maana wino ule haukutoka kwa mate. Msichana akajaza yaliyobaki, akafika mahali pamoja akauliza kwa wema kabisa, "Na mwenye ruhusa ya kutoa pesa kama wewe hauko? Tuandike papa hapa?"

Kila mtu alikuwa anamwangalia Deo kwa upendo. Na mimi nilikuwa nampenda kuliko wote, nasema ukweli, nilitaka kumkumbatia pale pale na grisi yake.

"Andika hakuna," nikasema.

Ukumbi ukafanya "iii!" Meneja akavua miwani. Deo akaitikia kwa kichwa tu, lakini nilimwona alivyomeza mate.

Tulitoka tukatembea, watu wanageuka kuniangalia, mpaka tulipokaribia duka lake akasimama. "Nimekuteteya mbele ya batu bote, Editha. Na wewe unasema hakuna."

"Ulinitetea nipate akaunti yangu au yako?"

Akakuna kichwa kwa mkono wa grisi, akajipaka na yeye.

"Yako," akasema.

"Basi, Deo."

Alinuna siku mbili, nami nilinyamaza siku mbili, tukachoka wote, akaanza yeye kucheka. Akajaribu kunishawishi nilirudishe jina la baba ili kelele ziishe mtaani. Thubutu! Nilichojifunza ni hiki: nchi ya watu ukihamia, uliza jina linabeba nini kabla ya kulibeba, na ukipakwa wino omba karatasi ya kufutia. Kubadilisha jina tena nimeapa sitabadilisha, si kwenda mbele wala kurudi nyuma. Na ninyi mashoga zangu mnaoshika mbavu hapo, hebu mmoja wenu anyamaze kidogo aniambie, mshahara wako wewe unaingia kwa nani?