Mila ya Viatu Mkononi Niliitunga Mimi

Mpaka leo nikikaa kwenye kiti cha mbao, nakaa upande. Nitawaeleza kwa nini.

Siku hiyo nilimwona mjomba wangu wa damu, fundi bomba, mtu mwenye kitambi na heshima zake, anatoka sebuleni kwa watu kinyumenyume, viatu mkononi, anatafuta mlango kwa makalio.

Hakuwa amelewa. Alikuwa anafuata mila.

Na mila yenyewe niliitunga mimi, tena nikiwa na mafua, kwenye chumba cha kurekodia sauti chenye magodoro ukutani.

Ngoja nianze mwanzo.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Unaweka tamthilia ya nchi ya mbali, wenyewe wanaongea lugha yao, halafu sauti yangu inapita juu yao kwa Kiswahili. Akiongea mwanamke nabana pua. Akiongea jambazi natoa sauti ya tumboni. Mtaani wananiita Mdomo.

Sasa siri. Ile lugha siijui.

Hata kidogo, jamani. Naangalia picha, nakisia, nasema. Mtu akilia, nasema kafiwa. Akizidi kulia, nasema kafiwa na wawili.

Kuna tamthilia moja ilinikamata pabaya, sehemu ya kumi na mbili. Kijana kaenda kuposa. Baba wa msichana anamtolea macho. Kijana anavua viatu, anavishika, anarudi nyuma pole pole hadi mlangoni. Kwa nini? Mimi nitajuaje! Na yule baba anabwabwaja dakika nzima, lazima nimjazie maneno.

Nikasema, "Kijana! Mababu zetu walisema, mwenye kuposa hawapi wakwe mgongo. Utatoka kinyumenyume, viatu mkononi, ndipo nijue una adabu!"

Nikapenga kamasi, nikaendelea na kazi.

Baada ya miezi sita, vijana mtaani wakaanza kutoka ukweni kinyumenyume. Mwaka wa pili, wazee wakasema ndivyo ilivyokuwa zamani kabla dunia haijaharibika. Mwaka wa nne, ukithubutu kutoka ukweni ukiangalia mbele, wewe ni mhuni.

Mimi nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Kumbe mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nilimpenda msusi. Saluni yake iko mbele ya chumba changu cha kurekodia, na akiwasha mashine yake ya kukaushia nywele, jambazi wangu anasikika kama yuko kwenye helikopta. Nilienda kugomba. Nikarudi nimependa.

Tatizo lilikuwa baba yake, mwalimu mkuu mstaafu. Alishawakataa wawili. Mmoja kwa kutafuna ubani mbele yake. Wa pili kwa kutoka akimpa mgongo.

"Baba akikataa amekataa, hakuna kikao cha pili," msusi aliniambia. "Na mimi sitoroki. Sitaki kuolewa kama kitu cha wizi. Kwa hiyo huo utani wako uache huku huku."

"Nitauacha, mpenzi wangu."

Jumamosi mchana tukaenda, mimi na mjomba. Sebule imepigwa deki inang'aa. Mzee kakaa kwenye kiti chake, mkewe, mama wa msusi, pembeni, msusi kajificha nyuma ya pazia, vidole vya miguu vinaonekana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unafanya kazi gani?"

Mjomba akadakia. "Yuko kwenye mambo ya lugha."

Mzee akafurahi. "Lugha ni jambo zuri. Maana vijana wa sasa wameharibiwa na filamu. Wanavaa kama watu wa filamu, wanaongea kama watu wa filamu, kwao hawakujui. Mimi takataka zile siziangalii!"

Rimoti ya televisheni ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake.

Mambo yakaenda vizuri kupita kiasi. Mjomba alizungumza kama wakili. Mwishowe mzee akasimama.

"Nimewasikia. Sasa tokeni kama mababu walivyotufundisha. Jibu mtalipata mkiwa nje."

Mjomba akavua viatu. Akainama. Akaanza kurudi nyuma na kitambi chake.

Nikacheka.

Si tabasamu, ni kicheko kile cha puani ambacho ukikizuia kinatokea masikioni.

"Unacheka mila?" mzee akauliza. Vidole nyuma ya pazia vikajikunja.

"Hapana, mzee. Ila hii kitu... ipo kwenye tamthilia. Sehemu ya kumi na mbili."

"Naijua!" akafoka. "Nilipoiona nilimwambia mama hapa, umeona, hata wale wameiga kwetu! Babu yangu mzaa baba alitoka hivi hivi alipomposa bibi!"

"Mzee, babu yako hakutoka hivyo."

Mjomba, nusu ndani nusu nje, akafumba macho.

"Kumbe unamjua babu yangu kunishinda mimi?"

Nikafungua mdomo niseme yote. Kwamba mimi ndiye Mdomo, kwamba babu hahusiki, ni mafua yangu tu. Nilikuwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika akiwa na ukweli mkononi ni hatari.

"We kijana," mama akasema kwa upole, "hebu njoo unishikie sinia huku jikoni."

Nikamfuata. Akafunga mlango. Kisha akaniambia maneno kwa lugha ya kigeni, haraka haraka, tamu kama wimbo.

Ilikuwa lugha ile. Ile ninayoitafsiri.

"Nimesema nini?"

Nikakisia, kama kawaida yangu. "Umesema... karibu chakula?"

"Nimesema wewe ni mwongo wa kutupwa."

Nikashika meza.

"Kabla sijaolewa nilifanya kazi za ndani kwa mhandisi wa huko, miaka saba," akasema. "Watoto wake nimewalea kwa lugha yao. Na sauti yako nimeijua tangu uliposema shikamoo."

"Mama, nisamehe. Kwani pale sehemu ya kumi na mbili, yule baba anasemaje?"

"Anasema, viatu vyako vina matope na mke wangu ametoka kupiga deki. Basi. Dakika iliyobaki analalamikia mgongo wake."

Loo! Nilitamani sakafu ipasuke.

"Sasa mama, miaka yote hiyo mbona hukuniumbua?"

Alinionyesha kikombe kimoja cha bati, kimepinduliwa juu ya kitambaa, bado kinadondosha maji.

"Hicho ni cha mzee. Sehemu ya thelathini ulimfanya babu mmoja aseme, baba mwenye heshima huosha kikombe chake mwenyewe, mkewe asichoke kabla ya wakati."

Nilikumbuka. Kwenye picha babu alikuwa amesimama jikoni analia, sijui alilia nini. Mimi nilikuwa namuwaza marehemu mama yangu, alivyokuwa anazunguka kuokota vikombe vya watu wazima saba. Maneno yakanitoka tu.

"Mume wangu alikuwa hajaosha hata kijiko, miaka ishirini na tisa," mama akasema. "Asubuhi yake nasikia maji jikoni. Nikadhani bomba limepasuka. Kumbe ni yeye! Nikamuuliza, vipi leo? Akaniambia, hii ni mila yetu, tuliisahau tu."

Akajifuta macho kwa mkono wa gauni.

"Leo ukitoka ukasema ulitunga, vikombe vyote vinarudi kwangu. Na binti humpati. Haya, chagua."

"Nifanyeje, mama?"

"Vua viatu."

Nikarudi sebuleni pekupeku. "Mzee, naomba radhi. Nilicheka kwa woga. Mababu walitoka hivi hivi."

Nikaanza kurudi nyuma. Sasa mimi, mwenye mila, sijawahi kufanya mazoezi hata siku moja! Nje kuna ngazi tatu. Mjomba chini anapiga kelele, "Kushoto! Kushoto!" Nikaenda kulia. Nilidhani ukirudi nyuma hata kushoto hugeuka.

Nilidondokea makalio, ngazi ya tatu, puu! Kiatu kimoja kikaruka hadi kwenye beseni la nguo.

Msusi ametoka, mkono mdomoni. Mzee kasimama mlangoni, ananitazama. Nikajua kwaheri, ndoa ndiyo imekwisha hivyo.

Mzee akakohoa. Akamtazama binti yake, ambaye machozi yalishaanza. Akainua kidole.

"Mababu zetu," akasema pole pole, macho yanatafuta kitu hewani, "walisema kwamba... anayeanguka ngazi ya tatu... huyo ndiye haswa. Apewe!"

Jamani, macho yale nayajua. Ni macho ya mtu mwenye dakika nzima ya kujaza na hana maneno. Ni yangu yale! Nyuma yake mama alikuwa ameuma midomo, mabega yanamtetemeka.

Tumeoana, mwaka na nusu sasa.

Mwezi jana nilikuwa naangalia posa ya jirani kupitia dirisha. Kijana katoka kinyumenyume, kafika ngazi ya tatu, kageuka kidogo kupima, halafu kajiachia makusudi. Wazee wakapiga makofi. "Umeona? Huyu kalelewa!"

Somo? Ukiambiwa jambo fulani ni la mababu, uliza kwa adabu: babu yupi, na sehemu ya ngapi? Ila kabla hujaliumbua, pitia kwanza jikoni uone nani anaosha vikombe.

Changu nakiosha mwenyewe. Mke wangu aliniuliza nimejifunzia wapi.

Nikamwambia ni mila.