Swali Ambalo Jibu Lake Unalijua

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka ya elfu mbili ilipokuwa bado michanga, nilipomwandika mtoto wa watu kuwa hana akili. Nilikuwa kijana wa Kitale, nimetoka chuoni juzi, na nilijiona nimesoma nikamaliza.

Nilikuwa nikimsaidia profesa wa saikolojia, mama wa Bungoma, mwanamke wa kwanza kufundisha somo hilo katika idara yao. Wenzake wanaume walimtania ati amesomea kuchungulia vichwa vya watu. Yeye alicheka tu, akabeba daftari lake, akaenda vijijini kuuliza watoto wanafikiri vipi. Mimi, nisikufiche, nilimwona mtu wa maswali mengi kuliko majibu.

Siku hiyo tulikuwa katika shule moja karibu na Chwele. Mwalimu mkuu alituletea Nafula, msichana wa miaka minane asiyeongea darasani.

"Huyu ni mzito, bana. Mkiandika hivyo, namrudisha kwao."

Nikamwonyesha Nafula picha ya ng'ombe. "Hii ni nini?" Kimya. Picha ya jembe, kimya. Picha kumi, kimya. Nikaandika: hafundishiki.

Profesa aliisoma karatasi yangu, akaniangalia. "Umemuuliza kwa nini hajibu?"

"Hapana, Profesa."

Akaketi kwenye nyasi na suti yake ya ofisi, akamuuliza Nafula mwenyewe. Nafula akanong'ona, "Si yeye anaona ni ng'ombe? Kwetu mtu mkubwa anauliza kitu hajui. Nikaona ananitega."

Profesa akasogea karibu zaidi. "Basi mimi kuna kitu sijui kabisa. Nikienda soko la Chwele, nitamjuaje kuku anayetaga?"

Wazee husema kimya kingi kina mshindo. Mtoto alifunguka! Alieleza macho ya kuku, miguu, mifupa ya nyuma inayopimwa kwa vidole, na jinsi wachuuzi wanavyomshindilia kuku mahindi aonekane mnono. Profesa aliandika kurasa tatu, akiuliza tena na tena.

Kisha akanigeukia. "Kijana, hapa umepima nini? Woga wake na kiburi chako. Nenda mwenyewe umwambie mwalimu mkuu umekosea."

Nilienda, nikamwambia. Mwalimu mkuu aliguna, akamwacha Nafula darasani. Kwa miaka mingi Profesa aliwasimulia wanafunzi wake kisa hicho bila kunitaja, nami nimeketi nyuma, masikio yakiwaka moto.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuuliza unachokijua ili umpime mwenzako, kisha umhukumu kwa kunyamaza kwake. Kabla hujasema fulani hajui, tafuta kwanza anachokijua yeye, ukakae chini akufundishe. Na ukikosea, rudi ukaseme kwa mdomo wako. Mungu akupe sikio pana, na asikunyime watu wa kukushangaza.