Baruti Kuukuu ya Mzee Thuku

Fundi Badawi alikuwa mtu wa kufuli na cherehani. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Malindi, na watu walitoka hadi Ngomeni kumletea makufuli yaliyoliwa na kutu ya chumvi. Lakini sifa aliyoipenda zaidi hakuichuma kwa mikono yake. Babu yake, mzaliwa wa Siyu, alikuwa akitengeneza bunduki enzi za baruti nyeusi, na Badawi aliirithi sifa hiyo kama mtu anavyorithi kanzu isiyomtosha, akaivaa hivyo hivyo. Bunduki ikitajwa barazani, wenzake humgeukia yeye, naye hujibu. Kwa kweli bunduki ya babu yake aliishika mara tatu au nne tu, utotoni. Mengine aliyasikia, na palipopungua alijaza mwenyewe.

Mwezi wa Julai, mwaka wa 1983, Mzee Thuku alifika kibandani. Huyu alikuwa mtu wa bara, aliyeshuka pwani kufanya kazi ya chumvi kule Marereni, akastaafu na kubaki huko huko na mkewe Jedida, wakilima mahindi na kunde pembeni mwa kijiji.

"Shikamoo, mzee," Badawi alisema.

"Marahaba, fundi." Neno hilo Thuku alijifunzia huku pwani, na alilitamka kwa uangalifu, kama anayeweka chini kikombe cha kuazima.

Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na risasi kumi na moja, kila moja nene kama kidole gumba, maganda yake ya shaba yameota ukijani, na mafuta yaliyopakwa kwenye ncha ya risasi yamekauka kama nta ya mshumaa wa zamani. Alieleza kwamba mzungu mmoja aliyemfanyia kazi ujanani alimwachia bunduki kuukuu aina ya Martini, ambayo baadaye polisi walimwandikia kibali. Risasi zake zilikuwa za baruti nyeusi, na hazijauzwa dukani tangu kabla yeye mwenyewe hajazaliwa.

"Kuna mbogo anamaliza mahindi yangu kila asubuhi," alisema. "Mimi sitaki kumuua, serikali imekataza uwindaji. Nataka kelele tu, akimbie. Lakini hizi vitu ni za zamani sana, fundi. Nikaambiwa wewe ndiye unajua. Ziko sawa, ama zitaniletea taabu?"

Badawi aliichukua moja, akaitikisa sikioni, akainusa, akaigeuza kwenye mwanga. Hakujua lolote. Mlangoni walisimama wateja wawili wakimtazama, na mbele yao neno "sijui" halikusemeka.

"Baruti haiozi, mzee," alisema. "Hizi zi hai."

Thuku alimshukuru, kisha akamwomba jambo moja: aje Jumamosi, aipige ya kwanza yeye mwenyewe, ili mwenye bunduki ajifunze kwa kuona. Badawi asingeweza kukataa mbele ya watu.

Jumamosi ile habari zilikuwa zimemtangulia. Alimkuta Lewa, jirani yake Thuku, Mgiriama mfanyakazi wa chumvi, amekuja na wenzake saba au wanane wa zamu ya mapumziko. Badawi aliingiza risasi, akaulenga mtutu kwenye kichuguu, akafyatua.

Ta! Mlio mdogo, kama wa kijiti kinachovunjika. Kisha kimya.

Kimya hicho hakikuzidi pumzi mbili. Alikuwa amekwisha kuupeleka mkono kwenye chuma cha kufungulia bunduki ilipolipuka. Kishindo kikatingisha mabati ya nyumba, kitako kikamsukuma nyuma, na moshi mweupe mzito ukafunika shamba zima kwa harufu ya mayai viza. Ndani ya moshi ule, ambamo alidhani hakuna aliyemwona uso, Badawi aliisikia sauti ya babu yake waziwazi: *Bunduki iliyonyamaza haijalala. Usiifungue. Elekeza mtutu mbele, uhesabu hadi mia.*

Moshi ulipotawanyika watu walikuwa wakipiga makofi.

"Fundi, hiyo si bunduki, hiyo ni mzinga!" Lewa alipiga kelele.

Thuku peke yake hakupiga makofi. "Mbona ilikawia?" aliuliza.

Hapo ndipo pa kusema. Angesema fataki za kuwashia baruti zimechoka, zisitumike tena. Walau angemwambia ahesabu hadi mia. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba zile risasi zilikuwa mbovu, na kwamba yeye aliyezisifu hakuwa mjuzi.

"Ndiyo desturi ya baruti ya zamani, mzee," alijibu. "Yavuta pumzi kwanza."

Watu wakacheka kwa raha. Jedida akaandaa chakula, Badawi akala hadi akashiba, na alipoondoka akapewa kikapu cha mahindi mabichi ampelekee mkewe.

Haikupita wiki mbili, Lewa alisimama mlangoni pa kibanda, vumbi la njia limemjaa miguuni.

"Mzee Thuku ameumia," alisema.

Mbogo alikuja alfajiri. Thuku alifyatua, bunduki ikatoa ule mlio mdogo ikanyamaza. Akadhani risasi imekufa, akaufungua mtambo aitoe. Ikalipuka hapo hapo, moto na vipande vya shaba vikamrudia usoni. Jicho la kulia limekwenda. Alikuwa amelazwa Mombasa.

"Polisi wameichukua bunduki," Lewa aliendelea. "Walimuuliza ni nani alimwambia risasi ni nzima, akasema, ni mimi mwenyewe, hakuna mtu. Sasa pale kijijini watu wanamcheka. Wanasema mzee wa bara hajui bunduki, kwa nini mikononi mwa fundi ilikubali?"

Badawi alikuwa ameshika bisibisi, na macho yake hayakutoka kwenye bisibisi ile.

"Bunduki yataka mjuzi," alisema.

Maneno matatu tu. Lewa akatikisa kichwa kukubali, akayachukua, akarudi nayo Marereni.

Kuanzia siku ile Badawi hakuonja usingizi wa mtu mwema. Haikuwa hofu ya polisi, kwani aliyeweza kumshtaki ndiye aliyemfichia siri. Ilikuwa aibu, na aibu haina pa kukimbilia. Mteja akimsifu, masikio humwaka. Akisujudu, huona kikapu cha mahindi. Mkewe, Hafidha, alimuuliza mara mbili kinachomsibu. Mara ya kwanza alisema tumbo, ya pili akasema joto.

Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata aliambiwa Thuku amerudi nyumbani zamani na ameanza kulima tena. Badawi akafunga kibanda, akaenda.

Alimkuta Thuku amekaa kwenye kigoda akipukuchua mahindi ya mbegu. Upande wa kulia wa uso ulikuwa na madoa meusi ya baruti yaliyoingia ngozini, na tundu la jicho limejifunga. Jedida alileta chai, akasimama kando.

"Mzee, mimi sikuzijua zile risasi," Badawi alisema, kabla hajagusa kikombe. "Nilikudanganya tangu kibandani. Na ilipokawia mikononi mwangu, nilijua ni hatari. Babu yangu alinifundisha: ikinyamaza, uhesabu hadi mia. Nilikumbuka pale pale, nikaona haya kukwambia."

Thuku aliendelea kupukuchua. "Nilikuona ukishtuka," alisema. "Moshi haukukufunika wewe vile ulifikiri. Nikajiambia, ameshtuka. Halafu nikajiambia, lakini huyu ndiye fundi."

Badawi alitamani ardhi ipasuke.

"Kwa nini hukunitaja kwa polisi?"

"Ungefungwa. Jicho lingerudi?"

Jedida hakuwa ameyajua haya hadi siku ile. Alikiinua kikombe cha Badawi, chai ikiwa bado imejaa, akakimwaga chini. Hakupandisha sauti.

"Mume wangu anachekwa miezi tisa sasa," alisema. "Hata watoto wanaigiza vile alifungua bunduki. Wale watu walikupigia makofi, wao umewaambia?"

"La, mama."

"Basi hujasema kitu."

Badawi alikwenda hadi kwenye kibanda cha mahamri ambapo watu wa chumvi hukusanyika zamu inapobadilika. Lewa alikuwepo, akamshangilia kwa mbali: fundi wa mizinga! Badawi akasimama katikati yao na kuyasema yote, la kibandani, la moshi, na yale maneno matatu aliyomtuma Lewa. 

Mzee mmoja alimwonea huruma. "Si kosa lako, mwanangu. Hiyo ni kadari ya Mungu."

"Kadari ni ya Mungu, mzee," Badawi alisema. "Uongo ni wangu."

Lewa alitema mate kando akaondoka. Kabla ya wiki kwisha habari zilifika Malindi, na Hafidha alizisikia kisimani kabla ya kuzisikia kwa mumewe. Hilo nalo lilimchoma Hafidha, maana mumewe alimficha hata yeye. Wateja wengine walihama. Barazani, bunduki ikitajwa, watu walikohoa na kubadilisha mazungumzo.

Hata hivyo Badawi alirudi Marereni msimu ule na misimu iliyofuata, akifika alfajiri na madebe matupu ya kupiga kuwatisha mbogo, akisimama upande wa kulia wa shamba, ambao Thuku hakuuona vizuri. Thuku alimkaribisha kila mara. Kicheko cha kijijini kilikuwa kimekwisha. Jedida alipita na jembe lake bila kumwitikia salamu, asubuhi baada ya asubuhi. Mwaka wa pili ulipokaribia mwisho, Badawi alimwamkia kama kawaida yake, bila kutazamia kitu, naye akaitikia, "Salama," kisha akainama akaendelea kupalilia.