Mkono Uliogoma Kugeuka

Saa mbili asubuhi, ndani ya chumba ambacho bado hakijatiwa mlango, fundi anachota saruji kwa mwiko, anageuza kiganja na kuirusha ukutani. Pwaa! Inashika. Anatabasamu peke yake.

"Kugeuza mkono tu hivi," anasema, "watu hawajui ni neema."

Mama huyu wa watoto watatu ana miaka ishirini katika kazi ya kupiga plasta. Miaka minne iliyopita ubao wa jukwaa ulivunjika, akaangukia mkono wa kulia. Mifupa yote miwili ya kigasha, chini ya kiwiko, ikakatika, ule wa upande wa kidole gumba na ule wa upande wa kidole kidogo.

Wenzake walitaka kuuvuta unyooke. Mchanganya saruji, mwanamke mkimya wanayemwita Bibi Ndoo, akawajia juu. "Asiguswe! Huo si msumari." Akaufunga mkono kwenye kipande cha ubao kwa kilemba chake, akampeleka hospitali.

Daktari alimtia vyuma na skrubu. "Alinichorea mifupa yangu kwenye karatasi. Kumbe ule wa kidole gumba ndio unaomzunguka mwenzake kila nikigeuza mkono. Miaka yote naufanyisha kazi, sikujua!"

Kidonda kilipona, lakini kiganja kikagoma kutazama juu. Hakuweza kunawa uso, sembuse kushika mwiko. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwagiza ashike nyundo wima, ailaze kushoto, ailaze kulia, mara thelathini kila siku.

Baada ya wiki mbili akasusa. Mama mkwe wake akavuta kigoda, akaketi mbele yake kuhesabu.

"Nikilia, ananiambia, 'Lia mwanangu, lakini geuza.' Miezi mitano, hakukosa hata siku moja."

Asubuhi moja alikinga maji ya bomba kwa mikono miwili, yakatulia. "Nikaita, 'Mama, njoo uone!' Tulikumbatiana pale pale, tukalowa chapachapa."

Siku za baridi mkono bado unamuuma, wala hafichi. Lakini kazi imerudi, na mwisho wa mwezi huu ana kibarua kisicho na malipo: kupiga plasta chumba cha mama mkwe, chenye kuta za matofali matupu.

"Mwenyewe anasema nisihangaike, eti amezoea," anasema fundi, akichota saruji nyingine. "Mimi nataka akiegemea ukuta asikwaruzwe mgongo."