Haja za Koko

Miaka ya tisini nilikuwa nesi mpya Kitengela, na neno mkojo lilinishinda kutamka mbele ya wazee. Basi nikamuuliza Koko, nyanya Mmaasai aliyelazwa wadini kwangu amepooza mkono, kwa adabu zote: "Haja zako unaweza kuzizuia?"

"Siwezi, mtoto yangu. Natoa mahali popote, hata kanisani. Tena na sauti."

Maskini! Nikamvalisha nepi. Alinitazama tu, akaniacha nifunge.

Jioni bintiye akaiona, akawaka: mama yake anajipeleka choo mwenyewe! Kabla hajaita metroni, Koko alifumba macho akaomba, wadi nzima ikisikia:

"Mungu, asante kwa huyu msichana. Tangu niugue, ni yeye peke yake ameniuliza haja ninazokuletea. Sasa msaidie na yake, hii ya kuvalisha wazee nepi."