Jiwe Nambari Ishirini na Saba la Mama Labu

Edah Nelima hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa sababu tu limesemwa. Wiki ya kwanza baada ya kuolewa kule Bumula, mama mkwe wake alimletea chumvi ya kienyeji akaisifu sana. Edah alichukua chembe mbili, akazitupa motoni, akainama kuangalia rangi ya mwali. Mwali ukageuka manjano. "Kweli ni chumvi, mama," akasema kwa furaha. Mama mkwe hakumsemesha mpaka Krismasi.

Tabia hiyo hiyo ndiyo iliyomweka kazini. Kufikia mwaka wa 2004 alikuwa ametimiza miaka kumi na minane akitunza maabara ya shule moja ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Alichanganya asidi, aliosha chupa, aliwafukuza wasichana waliotaka kukaushia soksi kwenye moto wa gesi. Wao walimwita Mama Labu, na jina likashika hata kwa walimu. Chuo kikuu alikiona kwenye kalenda tu. Alikuwa na cheti kimoja, vitabu vitatu vya zamani alivyoviokoa siku shule ilipochoma takataka, na pua iliyoweza kutofautisha spiriti na mafuta ya taa kutoka mlangoni.

Mwezi wa Mei mwaka huo, shule ilinunua kabati kuukuu kutoka Kitale la kuwekea vifaa vya maabara. Edah alipofungua droo ya chini ili aifute vumbi, alikuta trei ya mbao yenye vyumba arubaini, na katika kila chumba jiwe. Kila jiwe lilikuwa na namba ndogo iliyobandikwa. Majina hayakuwapo.

Mwalimu Nderitu wa jiografia akaitwa. Alikuwa mwalimu mzuri, mwenye bidii, ila tangu abatizwe hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Aliweka kikombe chake cha chai mezani, akachukua kalamu, akaanza kuyapa mawe majina kwa kuyaangalia tu, haraka haraka, kama mtu anayeita rejista. Alipofika namba ishirini na saba hakusita hata kidogo. Lilikuwa jiwe la kahawia, si kubwa kuliko yai la kuku, lakini upande mmoja lilikuwa limeota fuwele ndogo ndogo zinazong'aa, nyekundu ya waridi iliyokolea kama ndani ya pera lililoiva.

"Kwatzi waridi," Nderitu akaandika.

"Mwalimu, si ujaribu kwanza?" Edah akauliza.

"Nijaribu nini na macho ninayo?"

"Kwatzi inakwaruza kioo. Hii sidhani kama itaweza."

"Mama Labu, mimi nimekuwa nikifundisha mawe wakati wewe unaosha chupa."

"Na chupa ni kioo, Mwalimu. Basi tuanze na hiyo."

Nderitu alichukua jiwe akalisugua kwenye chupa ya asidi. Chupa ilibaki vile vile. Jiwe ndilo lililoacha unga kidogo wa waridi. Nderitu akasema chupa hiyo bila shaka imetoka ng'ambo, ni ngumu mno. Wakajaribu dirisha. Akasema dirisha lina uchafu. Mwishowe, kwa hasira, akavua miwani yake mwenyewe akaisugua kwa nguvu. Miwani haikupata hata alama. Alifurahi sana kuhusu miwani, kisha akakumbuka anabishania nini.

"Sikia," akasema, "ukinionyesha jina lake la kweli, na ushahidi, mimi nitasimama paredi ya Jumatatu mbele ya shule nzima niseme nilikosea."

Chesang, soja wa lango, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Yeye alitoka kule juu Mlima Elgon, ambako ng'ombe, na hata ndovu, huingia mapangoni kulamba mawe ya chumvi.

"Nyinyi mnasumbuka bure," akasema. "Jiwe haiulizwi na macho. Inaulizwa na ulimi."

Akalichukua, akatoa ulimi. Edah, ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwa ameruhusu hata pipi kuingia kinywani mwa mtu ndani ya maabara ile, alimchapa mkono kwa taulo mbichi. Jiwe likaruka juu, likageuka mara mbili hewani, likatua ndani ya chai ya Mwalimu Nderitu.

"Nilikuwa nimekunywa nusu tu!" Nderitu akalalamika chai ilipomwagwa.

Kesho yake Edah alianza kazi kwa utaratibu. Alifungua madirisha yote, akachukua chembe moja ya fuwele, ndogo kuliko yai la chawa, akaiweka juu ya kipande cha makaa, akaipulizia mwali wa gesi kwa mrija. Baada ya muda kidogo harufu ikatoka, kali na tamu. Harufu ya kitunguu saumu.

Ilikuwa saa sita na robo. Upepo uliichukua harufu ile ukaipitisha kwenye madarasa yote ya kidato cha tatu. Mpishi wa shule alifika wa kwanza, mwiko mkononi.

"Mama Labu, yaani mimi napika githeri huko, na wewe unapika pilau huku?"

Nyuma yake wasichana walikuwa wameshapanga foleni dirishani na sahani zao.

"Hakuna pilau!" Edah akapaza sauti. "Rudini nyuma, msivute hiyo hewa! Ni aseniki! Ni sumu!"

"Hata hiyo tutakula, Mama Labu," msichana mmoja akasema. "Si bora imeungwa?"

Ilibidi kengele ipigwe ndipo waondoke. Mwalimu Nderitu aliposikia neno aseniki, uso ulimshuka. Edah alimweleza kwamba nusu ya chai aliyokunywa aliinywa kabla jiwe halijaanguka. Alielewa, akakubali, akashukuru. Kisha akaenda jikoni akaomba maziwa, na jioni nzima alimuuliza kila aliyekutana naye kama uso wake una rangi ya kawaida.

Baada ya chakula Edah aliendelea. Alikunja kitanzi kwenye ncha ya waya, akayeyushia boraksi humo mpaka ikawa tone la kioo kama ushanga, akaligusisha kwenye unga wa lile jiwe, akalirudisha motoni. Lilipopoa aliliinua juu mbele ya dirisha. Ushanga ulikuwa bluu, bluu iliyokolea, bila hata chembe ya shaka. Akakaa chini kwenye stuli. Alijua ni kitu kimoja tu kinachotoa bluu ya namna ile: kobalti.

Kobalti na aseniki pamoja. Akafungua kitabu chake kimoja. Kilisema wachimba migodi wa Ujerumani zamani waliogopa sana mawe ya namna hii. Waliyachoma wakitafuta fedha, wakapata moshi uliowaumiza, wakaamini kuna vijini wakorofi wanaowachezea, na jina la vijini hao ndilo lililozaa neno kobalti. Kilitaja pia jiwe la waridi linaloitwa ua la kobalti, linalopatikana mara nyingi kidogo, laini kiasi cha kukwaruzwa na ukucha. Edah alijaribu ukucha. Ukucha ukakatika, fuwele haikusikia kitu. Alijaribu msumari, ukakwaruza. Basi halikuwa ua la kobalti. Akatia chembe ndani ya kijitungi cha kioo, akaipasha moto polepole. Waridi ikageuka bluu ya usiku. Akazima gesi akangoja. Ilipopoa, ile bluu ikarudi waridi, taratibu, kama mtu aliyetukanwa kisha akaombwa msamaha.

Akageuza ukurasa ili asome ni jiwe gani lenye tabia hizo. Mchwa walikuwa wameshausoma kabla yake. Kurasa tisa zilikuwa zimebaki pindo tu.

Wakati huo Madam Phelista, mwalimu mkuu, alikuwa amepata habari za sumu. Alikuja na leso puani.

"Edah, hiyo kitu tunazika nyuma ya vyoo leo leo."

"Madam, tukizika bila kujua ni nini, tutakuwa tumezika ujinga wetu pia. Nipe mpaka Ijumaa. Nimelifungia kwenye chupa, na ufunguo ninao."

Madam Phelista alifikiri. "Ijumaa saa kumi," akasema. "Na usipike kitu kingine."

Alhamisi asubuhi Edah alikuwa Kitale. Kabati lilitoka kwa Mama Fadumo, aliyeuza samani za mitumba karibu na soko, na pembeni, ili asikae bure, njugu karanga. Mama Fadumo alilikumbuka vizuri. Lilitoka nyumba ya mzungu mmoja mkulima aliyekuwa amefariki.

"Halikuwa na karatasi yoyote, mama? Daftari, labda?" Edah akauliza.

"Lilikuwepo daftari, ndiyo. Karatasi nzuri sana, wallahi, haipitishi mafuta."

Edah akatazama chini. Mbele ya Mama Fadumo palikuwa na sinia lenye njugu, zimefungwa kwenye vikaratasi vilivyosokotwa kama pembe, na katika kila pembe yalikuwa maandishi ya mkono ya wino wa bluu.

"Naomba nifungue niangalie tu."

"Ukifungua umenunua, dada yangu. Mimi nitaziuza vipi zikiwa wazi?"

Edah akaketi kwenye kiti cha mitumba akaanza. Pembe ya kwanza ilikuwa na namba kumi na moja na maelezo yake. Ya pili ilihusu kuhara kwa ndama. Ya tatu, namba thelathini na nne. Kwa kuwa hakulelewa kutupa chakula, alizila zile njugu. Alipofika pembe ya tisa taya zilikuwa zinauma, na watu walikuwa wamesimama kumtazama.

"Unatafuta nini, mama?" kijana mmoja wa boda boda akauliza, akiwa ameshikilia baiskeli yake.

"Ishirini na saba," Edah akajibu, mdomo umejaa.

Hilo ndilo lililokuwa kosa. Neno lilipita sokoni kama moto wa nyika: ishirini na saba inashinda. Watu wakaja kununua, wakafungua, wakapiga kelele za namba. "Mimi niko na sita!" "Mimi nimepata ng'ombe!" Mama Fadumo aliuza njugu zake zote kabla ya adhuhuri, akatuma zingine zikaangwe. Mzee mmoja aliyepata namba ishirini na sita alikasirika mno, akasema mambo ya bahati nasibu yote ni wizi.

Ishirini na saba alikuwa nayo yule kijana wa boda boda. Aliiinua juu akarukaruka.

"Zawadi ni nini? Ni baiskeli mpya? Ni TV?"

"Kijana yangu, hakuna zawadi. Ni habari ya jiwe tu," Edah akasema.

"Ati jiwe?"

"Jiwe."

Kijana alitazama karatasi, akamtazama Edah, akatazama umati uliokuwa ukimcheka. "Basi nipe hizo njugu zako zote zimebaki," akasema. Edah alimpa mfuko mzima kwa moyo mweupe. Hakutaka kuona njugu tena maishani mwake.

Karatasi ilikuwa na mafuta, lakini ilisomeka. Roselaiti, ilisema. Ya Moroko. Ina kalsiamu, kobalti na aseniki, ni adimu, msumari huikwaruza, ukucha hauiwezi, ikipashwa moto hugeuka bluu, ikipoa hurudi waridi. Ilitambuliwa Ujerumani mwaka wa 1824, na jina lake linatokana na Profesa Rose, mtaalamu wa madini, wala si rangi yake. Edah aliisoma mara tatu akiwa amesimama katikati ya maganda, akalia kidogo, kisha akajiambia huenda ni chumvi ya njugu imeingia machoni.

Jumatatu, Mwalimu Nderitu alisimama paredi. Alikuwa mtu wa ahadi. "Nili…" akaanza. Akameza mate. "Nili… niliko…"

"…seaaa!" wasichana mia nne wakamsaidia kwa sauti moja.

Baada ya hapo, mzigo ukiwa umeshuka, aliwaeleza juu ya roselaiti kwa dakika arubaini kwenye jua, vizuri kuliko somo lolote alilowahi kufundisha, na wasichana wawili wakazirai. Madam Phelista, ulimi ukimteleza, alitangaza kwamba "Loserait" haitazikwa, itakaa ndani ya kioo kwenye kabati lenye kufuli. Wasichana wanne wa kidato cha pili waitwao Rose walipiga vigelegele, mpaka Edah alipowaambia ni jina la mzee wa Kijerumani.

Kwa kuwa karatasi nayo ni ya kujaribiwa, Edah alituma chembe kwa mtaalamu mmoja Nairobi. Baada ya miezi miwili barua ilirudi ikikubali kila neno, na bahasha iliandikwa "Profesa E. Nelima". Mumewe Nyongesa, aliyekuwa fundi cherehani, aliitundika bahasha ile ukutani juu ya mashine yake. Barua yenyewe hakuisoma.

Tangu hapo watu walianza kumletea Edah mawe, kutoka Bumula, kutoka Matulo, hata kutoka Kitale. Wengi walileta matofali. Alijaribu kila moja bila kumcheka mtu. Siku moja ajuza mmoja alifika amebeba bonge la kahawia lililofungwa kwa jani la mgomba. Edah akalipima uzito, akalikwaruza kwa ukucha, akalipasha moto, akatia kipande majini kikayeyuka. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima, na ajuza alingoja kwa adabu.

"Pole, kukhu," Edah akasema hatimaye, akimwita bibi kwa Kibukusu. "Hii si jiwe. Ni sukari guru."

"Najua," ajuza akajibu. "Nimekuletea ya chai."