Matone ya Etha kwa Mama Mkwe

Mtoto wangu wa kwanza alikufa kwa degedege mwanzoni mwa masika, miaka ile ya hamsini, na baada ya mazishi nikarudi kazini. Msibani sikulia. Wanawake wa Michenga, kijijini kwa mume wangu, waliliona hilo wakanyamaza, ila mama mkwe hakunyamaza. Alisema mbele ya watu kwamba ninaleta nyumbani harufu ya dawa ya kulazia wagonjwa, kwamba mtoto ameinyonya pamoja na maziwa. Mume wangu aliinamisha kichwa. Mimi niliendelea kupepeta mchele.

Harufu nilikuwa nayo kweli. Nilikuwa muuguzi katika hospitali ya misheni pale Ifakara, na katika chumba cha upasuaji mimi ndiye niliyekuwa nikidondosha etha, dawa ya usingizi. Sista mmoja Mzungu ndiye aliyenifundisha. Mgonjwa hufunikwa pua na mdomo kwa kikapu kidogo cha waya kilichovishwa kitambaa chepesi cha shashi, nawe unadondoshea dawa juu yake kutoka kwenye chupa, tone moja moja kwanza ili asipaliwe, kisha haraka haraka mpaka alale. Mashine ya kukuambia umefika wapi hatukuwa nayo. Unasikiliza pumzi, unapapasa mapigo ya shingoni, unafunua kope na kutazama mboni ya jicho. Ukimpa kidogo anakaza tumbo, daktari hawezi kufanya kitu. Ukizidisha, anaacha kupumua. Na kwa joto la bonde letu etha ilikauka upesi kwenye shashi, kwa hiyo mkono haukupumzika.

Baada ya msiba kazi hiyo ilinifaa. Ilitaka macho na masikio tu.

Mvua zikiwa bado zinanyesha, mume wangu na ndugu zake walimleta mama mkwe kwa mtumbwi, kisha wakambeba kwa machela hadi hospitalini. Alikuwa na ngiri ya siku nyingi, na sasa utumbo ulikuwa umetokeza kwenye kinena ukakwama. Alikuwa akitapika, uso umemsinyaa. Daktari alimgusa mara moja tu akasema apasuliwe sasa hivi. Sista angemsaidia daktari mezani, hivyo wa kumlaza mgonjwa nilibaki mimi. Sista, aliyejua habari za nyumbani kwangu, aliniuliza kama nitaweza. Nikamwambia nitaweza.

Nilimwamkia mama mkwe pale mezani. Hakuitikia. Alitazama chupa iliyokuwa mkononi mwangu.

"Ni wewe utakayenilaza?"

"Ni mimi, mama."

"Na kuniamsha je?"

"Nitapunguza dawa, utaamka."

Rozari yake ilikuwa shingoni, tulikuwa hatujamvua.

"Kama hutaki niamke, niambie sasa, niitiwe mwanangu nimuage."

Nilijiuliza kama nataka. Sikupata jibu, la ndiyo wala la hapana. Nilimpaka mafuta kuzunguka macho ili etha isimuunguze, nikamwekea kikapu usoni.

"Vuta pumzi, mama. Polepole."

Alibana pumzi, kama wafanyavyo wengi. Nikainua kikapu apate hewa, nikaanza tena. Alirusha mikono, mhudumu akamshika. Alisema maneno kwa Kipogoro kuhusu kuku walioingia jikoni, akamwambia mtu awafukuze. Kisha pumzi ikawa ndefu na ya sawasawa, na nilipomgusa ukope haukucheza. Nikamwambia daktari anaweza kuanza.

Daktari alipovuta utumbo, tumbo la mgonjwa lilikaza. Akasema bado, nami nikaongeza matone. Likalegea. Waliendelea kwa muda, nami nikadondosha kwa kufuata pumzi yake. Halafu pumzi zikaanza kuwa fupi, zikawa za juu juu, na midomo ikaingia weusi. Nilifunua jicho, mboni ilikuwa imepanuka. Nikaondoa kikapu, nikavuta taya lake mbele ili ulimi usizibe koo.

"Anapumua vibaya," nilimwambia daktari.

Aliinua mikono yake kutoka kwenye kidonda. Tulisubiri wote. Nilitazama kifua cha mama mkwe kama nilivyotazama kifua cha mgonjwa yeyote, na hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Sikuogopa. Sikumwombea. Kifua kikapanda, kikatulia, kikapanda tena. Midomo ilipopata rangi nilirudisha kikapu na kudondosha kwa nafasi kubwa zaidi, na walipofika kushona ngozi nikaacha kabisa.

Nje, mume wangu alikuwa amechuchumaa barazani. Nilimwambia mama yake mzima. Alilia, akanishika mikono, akanishukuru sana. Nilimsubiri amalize, nikaenda kusafisha chupa.

Jioni nilimkuta mama mkwe ameamka. Alitaka maji, na maji yalikuwa bado hayaruhusiwi, basi nikamlowesha midomo kwa kitambaa.

"Kumbe umeniamsha," alisema.

"Ndiyo, mama."

Asubuhi iliyofuata nilipomwamkia aliitikia, na uji alitaka nimnyweshe mimi. Alipona, akarudi Michenga maji yalipopungua. Msamaha hakuniomba. Wakati wa mavuno alinitumia mchele mpya, na nilipokwenda kumsalimu alinitandikia mkeka karibu yake, wanawake wengine wakiona.

Nilipojifungua mtoto wa pili alikuja kukaa nami. Alimwogesha, akambeba, akanipikia. Majirani walinitazama nilivyokaa kimya na mtoto mapajani, wakauliza mbona sina furaha.

"Mwacheni," aliwaambia. "Atafurahi akiweza."

Kisha akanichukua mtoto ili nilale, na nikalala.